Sauti ya Marehemu katika Tundu la Chini

Bwera, Jumanne

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi waliopo, yaani mimi na paka wa Haji, ninakutangazia rasmi kwamba kompyuta ya duka letu imefutwa vumbi. Kazi hiyo ilifanywa Jumapili na mdogo wako, kwa burashi ya kupakia rangi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, bila msaada wa serikali yoyote.

Sasa nikusalimie. Hamjambo huko Butembo? Mgongo wa mama umeikubali dawa, au bado unabishana nayo? Watoto wanaenda shule, au njia imefungwa tena? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayonisumbua, Yaya. Ukiona herufi zinapanda kilima usidhani ni pombe. Ni woga, na woga wenyewe umeanzia kwenye lile vumbi.

Unajua kwamba tajiri wangu Haji kazi yake hasa ni lori la chumvi ya Katwe, na hili duka ni la pembeni. Watu wanaleta nyimbo za kwaya, mahubiri na harusi zao, mimi ninaziingiza kwenye CD, ndiko tunakoita kuchoma. Wenzetu mjini wana kompyuta zenye picha za kubonyeza. Yetu picha zilikufa zamani, imebaki skrini nyeusi na maandishi meupe. Mfumo wake unaitwa Linux, unapatikana bure, na kwa sababu hiyo Haji anausifu sana. Unaandika amri mstari mmoja, unapiga Enta, na mashine inafanya ulichoandika, si ulichotaka. Nilijifunza peke yangu kutoka kwa daftari la aliyenitangulia, kurasa kumi na mbili, mbili zikiwa zimeliwa na panya. Kizungu chake sikielewi vizuri, lakini kila amri ninaijua kama Baba Yetu.

Kompyuta ina matundu mawili ya CD, moja juu ya lingine. La juu linaitwa sr0, la chini sr1. Desturi yangu ni hii: juu ni pa kufuta, chini ni pa kuweka CD ya mteja. Haji hanunui CD mpya akiweza kuepuka. Ananunua zilizotumika, za aina ile inayofutika, nami ninafuta mahubiri ya mwaka juzi ili yaingie ya mwaka huu.

Sasa nikueleze habari ya Mama Biira. Ni mjane wa Nyakiyumbu, mwenye shamba la kahawa. Mumewe alipokuwa kitandani, karibu kufa, katekista alirekodi maneno yake kwa simu, yakawekwa kwenye CD moja. Simu hiyo baadaye iliangukia mtoni. Jumamosi hii ukoo unakutana kumaliza matanga, na sauti itapigwa mbele ya wote, kwa maana marehemu alisema nyumba na kahawa vibaki kwa mke wake. Shemeji yake, askari mstaafu tunayemwita Afande, anasema sauti ya namna hiyo haipo. Bila CD, Jumapili Mama Biira anatoka nje na masufuria yake. Alitaka nakala tatu.

Afande alikuja dukani kwetu wiki iliyopita, kabla Mama Biira hajaleta CD.

"Wewe Mukongomani, sogea hapa. Hii mashine yako, inaharibika?"

"Mara moja moja, Afande."

"Wiki inayokuja inaweza haribika?"

"Hii mashine haisomi kalenda, Afande."

Alinitazama mpaka nikajisikia nimevaa nguo za mtu mwingine. "Fikiri muzuri. Wewe ni mugeni hapa." Akaacha mkungu wa matoke juu ya kaunta, akaenda zake.

Nilitaka kuurudisha. Haji alisema, "Matoke haina kosa," na mpishi wake tayari alikuwa anamenya. Nilikula, Yaya. Nilikula sahani mbili.

Jana Mama Biira akaja na CD yake imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa, kama kitu kinachoweza kusikia baridi. Mimi kwa uangalifu wangu wote nikabandika karatasi ya gundi juu yake, nikaandika: MAMA BIIRA. YA ASILI. USIGUSE. Nikaiweka tundu la chini. Juu nikaweka CD kuukuu ya mahubiri. Kisha nikaandika kama ninavyoandika kila siku:

wodim dev=/dev/sr0 blank=fast

Kwa lugha ya kwetu: iliyo tundu la juu, ifute, upesi. Nikapiga Enta. Mashine ina adabu, kabla ya kufuta inakupa nafasi ya kughairi, inahesabu kurudi nyuma. Tisa, nane, saba. Mama Biira alikuwa kwenye benchi ananieleza habari ya mbuzi wa Jumamosi. Kwenye sita nikaona taa. Taa ilikuwa inawaka chini.

Yaya, nilipokuwa ninafuta vumbi nilichomoa waya mbili. Nikazirudisha kila mmoja mahali pa mwenzake. Mashine haijui juu wala chini. Inajua waya.

Tano. Kuna namna ya kuisimamisha, na iliandikwa katika moja ya kurasa walizokula panya. Nne, tatu. Vidole vyangu viligusa kila kitufe isipokuwa kinachofaa. Mbili. Moja. Mstari mpya ukatokea kwenye skrini, sikuusoma. Niliruka nikauvuta waya wa umeme kutoka ukutani.

"Umeme imeenda?" Mama Biira akauliza.

"Imeenda, mama."

Balbu ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu sote wawili. Aliitazama, akanitazama mimi, akajifunga leso yake. "Haya. Nitarudi Alhamisi, mutoto wangu."

Tangu hapo sijaiwasha ile kompyuta. CD iko ndani, tundu la chini, na mimi ninapita mbele yake kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Haji nimemwambia mashine inapumzika. Nisipotazama, bado kuna nusu ya tumaini. Nikitazama nikakuta tupu, nani ataniamini? Afande aliuliza kama mashine inaweza kuharibika, mashine ikaharibika. Matoke yake niliyala. Mimi mwenyewe, ningekuwa mzee wa ukoo nimekaa kwenye kiti, ningejihukumu kabla ya chai.

Na leo asubuhi Afande amepita hapa kwenye bodaboda. Hakusimama. Amenionyesha kidole gumba, akatabasamu.

Yaya, begi langu nimelifunga. Kutoka hapa mpaka mpakani Mpondwe ni mwendo wa miguu, kabla ya jua kuwa kali ningekuwa upande wa pili. Nimelifunga mara mbili, na mara mbili nimelifungua, kwa sababu lile neno "mutoto wangu" limekaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwambie mama aniombee. Usimwambie sababu.

Alhamisi

Dereva wa kuipeleka hii barua hajaondoka, kwa hiyo naongeza.

Mama Biira amefika saa nne. Hata hajaketi. "Umeme imerudi?"

Nilikuwa nimetunga maneno mazuri. Yalikataa kutoka. Ulitoka ukweli, na wote kwa mara moja: vumbi, waya, panya, sahani mbili. Haji alikuwa mlangoni, nikamwona anashika ndevu.

Hapo ndipo Mama Biira alipoketi.

"Ulikula matoke ya Afande?"

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu."

"Basi, hiyo matoke ni yeye amepoteza. Washa."

Nikawasha. Nikaandika amri ya kupiga sauti, lakini kidole changu kilikataa kushuka kwenye Enta. Akanisukuma kando. "Toka. Bwana ni wangu, nitafinya mwenyewe."

Akafinya kwa kidole chenye udongo wa kahawa, akarudi kwenye benchi. Kimya. Ile taa ya chini ikawaka. Kimya tena, mpaka nikaanza kuhesabu hatua za kutoka benchi hadi mlangoni. Halafu kikohozi. Kikohozi cha mzee, kirefu, na mimi sijawahi kusikia wimbo wa kwaya uliokifikia kwa uzuri.

"Akili yangu iko," sauti ikasema. "Nyumba ni ya Biira. Kahawa ni ya Biira. Mutu asimusumbue." Kikohozi tena. "Nipe maji."

Kwenye CD, sauti ya mwanamke ikajibu, "Hii hapa." Na kwenye benchi ya Haji, Mama Biira akanyoosha mkono, kama mwenye kikombe.

Haji alitoka nje akasema anaenda kuangalia lori. Lori liko Kasese tangu jana.

Nimechoma nakala saba badala ya tatu, kila tundu nikilitazama taa yake kwanza. Mama Biira anasema marehemu mwenyewe ndiye aliyeweka mkono juu ya CD ili isifutwe. Haji anadai ni dua yake, ingawa ninaapa hakujua kitu mpaka leo. Na katekista amekuja mbio. Anataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa zima nitoe ushuhuda wa muujiza. Hapo woga umerudi, Yaya, lakini huu ni woga wenye shati safi. Afande hajapita leo.

Nisalimie mama, nimwone amenyooka siku nitakaporudi. Nisalimie shemeji fundi viatu, mwambie vile alivyonishonea bado vinakanyaga Uganda. Shangazi anayeuza sombe, majani ya mihogo, sokoni, na mjomba mpiga ngoma ya kanisa, asiniambie ameacha. Watoto wako wabusu kwa zamu, wasigombane.

Ni mimi mdogo wako, niliyelifungua begi na nguo zimekunjamana zote,

Kambale

Nimesahau jambo moja. Jioni hii, kabla ya kumrudishia Mama Biira CD yake, nimeibandua ile karatasi yangu ya USIGUSE. Chini yake kuna maandishi madogo ya kiwandani. CD hiyo ni ya aina ya kuandikwa mara moja tu. Aina hiyo haifutiki.