Rangi Uliyoiona

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti lako limepunguza kelele. Mimi bado nipo, ila nipo kidogo kidogo. Mguu wa kulia umegoma, pumzi hazitoshi, na muuguzi anayekuja kunihudumia anasema nina uzito wa begi la shule. Nilimjibu kwamba begi la shule angalau lina vitabu ndani. Alicheka sana, nami nikafurahi, maana nyumba hii imepoa mno tangu wifi yako afariki.

Asante kwa kumruhusu mjukuu wako aje kunitazama. Ni wewe mtupu: hakubali jambo mpaka aligeuze juu chini. Alikaa siku tatu, akaning'ang'ania nimfundishe vimeng'enya kwa sababu ya mtihani wa chuo chao cha uuguzi. Nikamweleza kwamba kimeng'enya, kile kinachovunja chakula mwilini, ni fundi mwenye madeko. Ukimweka kwenye baridi analala, ukimpa joto la mwili anachapa kazi, ukimmwagia siki anasusa. Lakini ukimchemsha amekwisha, na hata ukimpoza baadaye harudi tena. Aliandika yote huku akicheka. Kisha akaniambia kwamba aliwahi kukuomba wewe umsaidie, ukasimamisha cherehani, ukamwambia bibi yake hakujaliwa kichwa cha sayansi, aende kwa babu yake aliyebeba akili zote za ukoo.

Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nakukumbuka, mdogo wangu. Nakukumbuka ukikaa juu ya meza ya jikoni kwetu, miguu ikining'inia, wifi yako akikufukuza ushuke, nawe ukinibishia kila nilichofundisha darasani asubuhi. Tangu uolewe mbali tumeonana mara nne tu, na mara zote umeniheshimu kama mgeni rasmi. Ningetoa siku zote zilizobaki nikusikie ukiniambia tena kwamba nimekosea.

Maana nilikosea. Asubuhi ya mtihani wenu wa mwisho wa biolojia, ule wa vitendo, mimi ndiye niliyeandaa vifaa. Kimeng'enya kilikuja kama unga, kichupa kimoja, hakuna cha akiba. Unga ulikataa kuyeyuka, nikaweka chombo juu ya jiko la maabara kipate uvuguvugu, nikaingia ofisi ya walimu. Humo walikuwa wakimtania mwalimu wa jiografia, aliyepotea njia akienda kwenye harusi yake mwenyewe. Nilikaa kucheka. Niliporudi, kilikuwa kinatokota. Nikakipoza chini ya bomba, nikawagawia.

Mlitakiwa kukichanganya na wanga, kusubiri, kisha kutia iodini. Wanga ukiwa bado upo, iodini hugeuka bluu iliyokoza. Ukiwa umevunjwa kuwa sukari, iodini hubaki na rangi yake ya kahawia. Kitabu kilisema kahawia, na wenzako wote wakaandika kahawia. Wewe uliandika bluu. Ukanieleza pale mlangoni kwamba chini yake umeongeza sababu: huenda kimeng'enya kilipata moto mkali kabla hakijawafikia.

Ulikuwa umepatia, jibu na sababu yake. Nilipoosha mirija yenu ya majaribio, yote arobaini na mmoja ilikuwa bluu. Na wangu pia ulikuwa bluu, kwani mwalimu naye hutakiwa kufanya jaribio lile lile na kupeleka jibu lake, ili wasahihishaji walitumie kupimia majibu yenu. Kwenye fomu ile, kwa mkono wangu, niliandika kahawia.

Nilihofia kufukuzwa kazi. Matokeo yalipotoka, ulikosa chuo cha udaktari kwa somo lile moja. Nikakwambia labda ulichanganya chupa. Ukalia, ukaniomba radhi kwa kuniaibisha mbele ya walimu wenzangu. Nami, mdogo wangu, nikakusamehe.

Hilo ndilo linalonizuia kulala, kuliko hata ile fomu.

Sikuombi unionee huruma kwa kuwa ninakufa. Wazee wengi wanakufa. Ninachoomba ni umsomee mjukuu wako barua hii, kwa sauti, bila kuruka mahali, ajue bibi yake alikuwa na kichwa gani. Kisha, ukiweza, niandikie. Hata mstari mmoja. Hata uwe wa hasira tupu, nitaushika mkononi na kuutazama, nijue ni wewe uliyeandika.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo nyumbani. Binti yangu anakusalimu. Ndiye atakayeipeleka barua hii posta, na nimemwambia asiifungue, kwani wewe ndiye wa kwanza kustahili kuisoma.

Ndimi, nikikungoja,

Kaka yako