Santuri ya Mama Niliyoipata Frere Town

Mtongwe, Likoni
Jumapili

Kwa dada yangu Jalila,

Assalaam aleikum, na baada ya salamu, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Vanga, wewe na shemeji na wajukuu, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Sisi huku tuko salama, kwa kiasi cha watu waliosoma arobaini ya mama yao juzi bila ya binti yake kuwapo. Mke wangu Mwanarehema anakuamkia sana. Nimekupigia simu mara nyingi, hushiki, na sikulaumu. Ndiyo maana nimemwomba jirani yetu Nzai, anayekuja huko kununua samaki, akukabidhi karatasi hii mkononi.

Dada, tangu siku ile Mama mdogo Salha alipokuzuia mlangoni, akakwambia kwamba marehemu aliusia usimwoshe wala usimguse, nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana. Uliuliza kwa sauti umemkosea nini mamako. Mimi nilikuwa uani nachota maji ya kumwoshea. Nilikusikia vizuri, nikaendelea kuchota. Leo nataka nikueleze wasia ule ulitoka wapi, kwa sababu unatoka kwangu.

Wajua ugonjwa wangu wa santuri kuukuu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtania Mwanarehema kwamba ameolewa uke wenza na masanduku. Tangu nipate mshahara wa kwanza bandarini nimezifuata kwenye mitumba ya Kongowea, kwenye nyumba za watu Junda, na kule Changamwe kwa Kyalo, anayenunua vyombo vya wanaohama. Ukuta mzima wa sebule umejaa. Watu hunisifu eti ninahifadhi muziki wa Pwani. Hifadhi gani! Nusu yake sijazicheza hata mara moja. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta santuri moja tu.

Mwezi wa Rajabu nikasikia kwamba Lenox wa Frere Town anauza vitu vya marehemu babake, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kutupa kitu. Lenox alikataa nichague. Alisema nichukue sanduku lote au niliache lote, kwa hiyo nikabeba na kwaya, na rumba, na nyingine ya kufundishia Kifaransa. Katikati yake, ndani ya jalada lililoliwa na mende pembeni, nikaiona. Ina picha ya mwanamke wa leso aliyegeuza mgongo, na chini yake lile jina alilojificha nalo Mama, Bi Rihani. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya Lenox, hata akaniletea maji akidhani nimepandwa na presha.

Mambo ya zamani unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaseme. Mama aliirekodi ile albamu Baba akiwa safarini melini. Baba aliporudi akaisikia ikichezwa mkahawani, akawa anaisaka kila duka na kuivunja. Ikabaki moja nyumbani. Mama akaitia ndani ya godoro la sufi, na wewe, uliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyekupa sindano ulishone. Siku ya tatu Baba alikwenda na kisu moja kwa moja kwenye mshono. Aliivunjia gotini, akaapa mbele ya wajomba kwamba Mama akiimba tena, hata kumbembeleza mtoto, basi hizo ni talaka zake tatu. Mama hakuimba tena. Hata Baba alipokufa na kiapo kikafa naye, hakuimba. Na kwa kuwa siri ya godoro aliijua yeye na wewe tu, wewe ndiye uliyehesabiwa msaliti. Siku ulipoozwa Vanga hakutoka hata barazani kukuaga.

Basi nilimpelekea Mama santuri yake. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini masikio mazima. Nikaiweka, na vidole vyake vikaanza kupiga mdundo kwenye ukingo wa kitanda. Wallahi nilifurahi. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Ilipokwisha akaomba niigeuze upande wa pili, akasikiliza mpaka mwisho huku analia. Kisha akamwita Mama mdogo Salha. Akamwambia kwamba sauti ile ndiyo Jalila aliyoiuza bure, na kwamba siku akifa Jalila asimwoshe, na radhi zake hana.

Nilikuwa hapo hapo, Dada, naitia santuri ndani ya jalada lake. Mama mdogo Salha akanigeukia, akanisihi niseme neno la kumlainisha Mama, maana mimi ndiye aliyekuwa akinisikiliza. Nikajibu kwamba neno la mzazi ni neno la mzazi.

Aliyemwambia Baba ni mimi.

Nilikuwa na miaka minane, nimelazwa mkekani kwa homa, mkadhani nimelala. Nilikuona ukishona. Baba hakunipiga wala hakunitisha. Alinionyesha kurunzi mpya aliyokuja nayo kutoka melini, akaniuliza kama najua Mama ameficha wapi. Nikanyoosha kidole. Mama alipokuwa anakuchapa kwa mwiko na wewe unaapa kwamba hukusema, mimi nilikuwa uani naiwasha na kuizima kurunzi yangu, jua limewaka utosini. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho hiyo imenichukua miaka hamsini na miwili. Nilijidanganya kwamba nikiipata santuri nyingine na kumrudishia Mama sauti yake, kosa litajifuta lenyewe bila ya mimi kufungua mdomo. Badala yake nimekwenda kumkumbusha chuki aliyokuwa karibu kuisahau.

Jana nilimwendea Mama mdogo Salha nikamweleza yote. Alikuwa anachagua mchele. Akasimamisha mkono, akaniuliza nina umri gani. Nikamwambia sitini. Akasema maiti haoshwi mara mbili, akarudi kwenye mchele wake. Mpaka sasa hajaitikia salamu yangu.

Santuri nimempa Nzai pamoja na barua hii. Icheze au ivunje, ni yako. Mimi zile nyingine nimemwambia Kyalo aje azichukue, kwa maana hakuna tena ninachokitafuta.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nikija Vanga ukanifukuza mlangoni, nitarudi, na nitakuja tena. Nifikishie salamu kwa shemeji, kama bado anazipokea, na uwabusu wajukuu. Na wanawake wa huko wakikuuliza kwa nini mamako alikukataa, wasomee barua hii yote, na ukifika kwenye jina langu usiteremshe sauti.

Ni mimi nduguyo, niliyesema,
Ismail