Mguu wa Mzee Erastus

Nanjala, nimeumiza mtu.

Ule mguu wa bandia niliomchorea Mzee Erastus, yule wa kuosha dhahabu Malinya? Kompyuta ilionyesha plastiki haimbani goti popote. Rangi ya samawati kote, nyekundu ya kuonyesha panapobana hakuna. Wiki jana akasema panauma, nikamwambia, "Utazoea, mzee."

Utazoea! Mimi!

Leo ameuvua mbele yangu. Ngozi imetoka, nyama iko wazi.

Ndiyo nikamuuliza yeye hufanyanga kazi yake vipi. "Napiganga magoti mtoni tangu asubuhi, daktari." Na mimi kwa kompyuta nilimsimamisha tu. Wima. Sikuwahi kumuuliza.

Eti ananiomba msamaha, ati ameniharibia kazi.

Na amenibebea ingokho, kuku mzima, ya shukrani. Iko hapa chini ya meza, imefungwa miguu.