Ngozi Uliyoiita ya Mbuzi

Baba, assalaam alaykum. Hii barua ya kwanza nakuandikia tangu tukuzike, na sikukujia kwa salamu tu. Leo nimesema uwongo, tena uwongo wako.

Mjukuu wako Salim kaitandika ile ngozi uliyokuwa ukiswalia, akaipapasa, akaniuliza ya mnyama gani. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wageni wote: ya mbuzi. Akaenda zake kucheza. Mimi nikachukua kalamu.

Ulikuwa msasi wa paa tangu Unguja, Baba, wa kuwinda kwa mbwa na wavu wa kimia, na kule paa akiwahi kuingia kichakani basi tena, mnarudi mikono mitupu huku mnacheka. Tulipohamia huku Ibra, Omani, ukaja na mchezo uleule, ila sasa kwa pikapu na bunduki. Jirani yetu Bedui, mtu wa jangwani, alikukataza. "Huku hakuna kichaka," alikwambia. Nawe ukamjibu, "Paa hawamaliziki, bwana wee!" Lo, tulivyomcheka mzee wa watu!

Mwaka ule wa mwisho wa kuwinda tulizunguka uwanda mzima tusione hata nyayo. Ndipo mimi, binti yako wa miaka kumi, nikamwona mmoja kasimama chini ya mgunga. Laiti ningalinyamaza. Nikapiga kelele, "Yule, Baba, yule!" na kidole juu. Ukaniita macho ya mwewe, nikajiona. Ulipompasua ukakuta kitoto tumboni, kishaota manyoya. Ukakaa chini kwenye changarawe. Ukakizika kwa mikono yako, na bunduki hukuigusa tena.

Baada yake hatukumwona mwingine, wala yule Bedui hakumwona mpaka leo. Sasa lami imefika, umeme umefika, na watu wa serikali wanapita kuuliza nani kamwona paa upande huu. Wanakunywa kahawa yetu, tunawaambia hatujui. Hatujui nini, Baba? Si ulimpigia magoti juu ya ngozi yake miaka yote ile, ukilia kwenye sijida, nami nakusikia?

Nakupenda. Sikuachi peke yako na dhambi hii, maana kidole kilikuwa changu. Lala, Baba, Mola akurehemu. Kesho Salim akirudi kutoka chuo cha Kurani nitamkalisha juu ya ngozi ile nimwambie ni ya paa, kisha nimpeleke nikamuoneshe mgunga tulipomuulia wa mwisho, na nani aliyemnyooshea kidole.

Binti yako.