Mnyoo Niliyemficha Nyuma ya Jiwe

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimemdanganya mama mkwe wangu na uongo wenyewe sasa umeanza kuota manyoya.

Mume wangu Rakan alifariki miezi minne iliyopita, akatuachia mimi na mama yake, Um Rakan, tangi dogo la maji ya chumvi, lita sitini tu, lenye matumbawe matatu na mnyoo mmoja aishiye ndani ya mrija, anayechanua shada la manyoya kama upepeo ili anase chembe za chakula majini, na Rakan alikuwa akiwalisha mara mbili kwa wiki, si zaidi. Siku tatu za matanga watu walijaa sebuleni wakinywa kahawa isiyo na sukari, mwanamke mmoja akalisifu tangi, Mama akampa kopo la chakula akamwambia, "Tupia kidogo, iwe sadaka ya mwanangu," basi kila aliyeingia akatupia, nami nimeketi pale pale nikiwatazama, kwani nani atawakataza watu sadaka msibani?

Tangu hapo Mama hulisha kila asubuhi akishasali, na jirani wakija huwapa kopo nao. Nilijaribu mara moja kumwambia Rakan hakufanya hivyo, akanijibu, "Ndiyo maana alikuwa mwembamba, humu ndani mlikuwa mnakula kwa ratiba!" Maji yamekuwa na ukungu, matumbawe mawili yamejikunyata, la tatu limebaki mfupa mweupe, na mwezi uliopita mnyoo akaangusha shada lote, Mama akalia siku nzima, "Hata huyu nimemuua kwa njaa," nikashindwa kuvumilia, nikaenda dukani nikanunua mwingine, nikampanda mahali pale pale, na ule mrija wa zamani nikaona uchungu kuutupa, nikauficha nyuma ya jiwe humo humo tangini. Mama alipoamka akapiga kelele, "Samar, njoo uone! Sadaka ya Rakan imepokelewa!" akaongeza kijiko cha chakula.

Juzi nikisafisha kioo nikamwona yule wa zamani ametoa manyoya mafupi. Nikisema, namnyang'anya Mama kitu pekee anachoamkia. Nikinyamaza, tangi lote litakufa. Nifanyeje?

Samar, Aqaba

*

Samar, pole kwa msiba. Sasa nisikilize.

Mnyoo wa aina hiyo huangusha shada maji yakiharibika. Mrija ukibaki mgumu na usinuke, kuna mtu ndani. Baada ya wiki kadhaa huota shada jingine. Ulimzika mapema. Lile tumbawe jeupe limekufa kweli, na hilo nalo usilifiche.

Siku za matanga sikulaumu. Lakini miezi minne? Unasema unamhurumia mama mkwe. Kiasi, ndiyo. Kiasi kingine unaogopa kuwa mtu wa kumwambia hapana, na ulipojibiwa mara moja kwa kejeli ukaona umemaliza kazi.

Yeye amelisha tangi kama anavyolisha wageni. Mgeni akitosheka na kahawa hutikisa kikombe, na kumimina hukoma. Viumbe hawa hawana kikombe cha kutikisa. Kisicholiwa huoza, na uozo huo ndio unaowaua.

Leo badilisha sehemu moja ya tano ya maji, kwa maji ya chumvi uliyoyachanganya vizuri, na urudie baada ya siku tatu. Wiki nzima pasiingie chakula. Baada ya hapo rudini mara mbili kwa wiki: zimeni taa, simamisheni pampu, Mama atumie bomba la sindano lisilo na ncha, apulizie chakula kidogo karibu na kila kinywa. Robo saa, kisha pampu iwashwe. Kipimo pima wewe. Kopo likae kabatini kwako.

Asubuhi zake usimwachie tupu. Maji hupungua kwa mvuke, chumvi hubaki. Chora mstari kwenye kioo. Akishasali, ajaze hadi hapo kwa maji safi yasiyo na chumvi. Nayo ni sadaka. Jirani anayetaka kutoa chakula akawape watu wenye njaa.

Alasiri hii mwite. Mwambie, "Mama, mnyoo wa Rakan ni huyu mfupi. Yule mrefu nilimnunua mimi, sikuweza kukuona ukilia." Atakasirika. Huenda akakununia siku mbili. Mwache anune.

Mama huyu anaamini ameua kila alichoachiwa na mwanawe. Ushahidi kwamba si kweli unao wewe, na umeuweka nyuma ya jiwe. Liondoe, yeye akiwa amesimama hapo.