Mgeni wa Mama Jikoni

Roret, Bureti
9 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkirui,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini huko Perth hamjambo, wewe na mkeo Quinter, na kwamba kile kifua chako kimepona. Sisi tu wazima, ila mvua imechelewa na majani ya chai yamedumaa. Yule ng'ombe mwenye doa amezaa ndama jike. Mama anakula vizuri, na hapo ndipo penye shida yangu.

Usinicheke kwamba nimeandika barua na simu iko. Ukipiga, Mama hutaka sauti iwekwe juu asikie kila neno, na hili sitaki alisikie. Binti wa jirani yetu Johana anakuja kusoma huko, ndiye atakayekuletea.

Unakumbuka ulivyonisumbua kuhusu ukuta wa jikoni, pale nyuma ya sinki na meko ya gesi, ulivyojaa mafuta? Ukanitumia picha ya ukuta unaong'aa, ukasema ni kazi ya siku moja. Haya, nilikutii. Fundi Osoro hakupata vigae kama vya picha yako, akaleta kioo kizima, akakibandika kwa gundi mchana mmoja. "Hii ndio iko fashion sasa, Madam," akaniambia. "Mafuta ikiruka unapanguza tu." Nikafurahi kama mjinga.

Kesho yake nikamsikia Mama jikoni akiamkia mtu. "Chamgei! Karibu, mbona umesimama?" Nikaingia, nikamkuta peke yake, ameelekea kioo. Unajua anavyosahau siku hizi, hata picha zake mwenyewe hazitambui. Ameona mwanamke mzee ukutani, basi amepata mgeni.

Tangu tumzike Baba Agosti, Mama alikuwa anakataa chakula, mimi ni kumbembeleza na kijiko kama mtoto. Sasa anamimina maziwa ya mursik vikombe viwili, kimoja anakiweka mbele ya kioo. Ananiambia mgeni wake ana haya, hanywi mpaka mwenyeji aanze. Basi anaanza yeye, na kikombe kinaisha. Ugali na mboga vilevile. Nafurahi, halafu naona aibu kwa kufurahi.

Alhamisi nikasema huu ni uongo, tena nimeuleta mimi nyumbani. Nikafunika kioo kwa kitambaa cha meza. Kipkirui, sitarudia. Mama alikaa mlangoni siku nzima akiuliza ni nani amemfukuza mgeni bila kumpa hata chai. Hakuweka kitu mdomoni. Ijumaa asubuhi nikakitoa kile kitambaa mbio mbio, na mgeni akapokewa kwa kelele utadhani ametoka ng'ambo.

Osoro alikuwa tayari kuja Jumanne akibandue. Nikikiacha, namdanganya mama yangu mzazi, na majirani wanamwona akiongea na ukuta. Nikikitoa, namnyima chakula. Nimeomba, nimewaza, kichwa kimevurugika kabisa. Wewe ndiye uliyetaka ukuta ung'ae, hebu niambie nifanye nini, maana mimi sijui.

Na kuna jambo la jana. Tangu mwaka uanze, Mama hajaniita jina langu. Ananiita "wewe mama", mara nyingine ananiuliza nimetoka kwa nani. Jana niliingia jikoni kuchukua sufuria, akanishika mkono, akanigeuza kwa kioo, akamwambia mgeni wake, "Huyu ni Chemutai, kifungua mimba wangu. Ndiye ananipikia. Anapenda kugomba, lakini ana roho nzuri."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi. Nimempigia Osoro nikamwambia asije Jumanne. Kama nimekosea, nikosoe, lakini uniambie kwanza ni wapi pengine nitasikia Mama akiniita hivyo.

Nisalimie Quinter na watoto, na rafiki yako Omariba. Mungu awafunike huko mliko, na awarudishe salama.

Dada yako akupendaye,
Chemutai