Barua ya Bima Niliyokusomea Nusu

Baba Ngalula, mume wangu,

Mkono wangu unachoka upesi siku hizi, kwa hiyo sitazunguka. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Watoto wetu bado wanasimulia kwamba watu wa bima walikukataa kwa sababu boti yako ilikuwa imezeeka. Jumapili iliyopita Ngalula aliwasimulia wageni hivyo hivyo mbele yangu, na mimi nikaendelea kunywa chai. Sitaki kufa nikiwa nimenyamaza. Ninakuandikia wewe, lakini nataka wasome wote.

Unakumbuka jinsi ilivyotoka majini. Wahandisi Wazungu waliiacha kwenye ziwa la Nzilo, ikazama pale pale ilipofungwa, na hakuna aliyejua ilikaa chini miaka mingapi. Mliiinua wanaume wanne kwa mapipa matupu na kamba, mkaileta Kolwezi juu ya lori la makaa. Jirani yetu Mama Kalenga alisimama kwenye ua akaitazama, kisha akauliza, "Tata, Mungu alikuambia nini, sisi hatukusikia?" Ukamjibu bila kugeuka, "Alisema banyama tu. Bajirani hapana."

Kampuni ya mgodi ilikuwa imekwisha kuwaachisha kazi, wewe na wenzako. Ulisema hutakaa kama kiti. Ukaanza kubadilisha mbao moja moja, ukatafuta mulombwa mkavu, mti mgumu wa mbao, mpaka Lubudi, ukanunua injini ya pampu kwenye vyuma chakavu na kuifanya iendeshe boti. Mara nyingi nilikushikia upande wa pili wa ubao, na mikono yangu ikiteleza uliniambia, "Vuta, Mwalimu. Hii haiko chaki." Ilikuchukua miaka mitatu. Ulitaka kuvusha watu na magunia yao ya mahindi, wasizunguke ziwa kwa miguu. Lakini ofisi ya ziwa ilisema wazi: bila bima, hakuna ruhusa ya kubeba abiria.

Tukaanza kuitafuta hiyo bima. Ofisi ya kwanza walituuliza namba ya gari. Ya pili walizoea malori ya migodi, na kijana wa mezani aliposikia umri wa boti akasema, "Tata, hii bwato iko mukubwa wangu. Acha niisalimie kwanza." Ulicheka pamoja naye, ila njiani kurudi ulitembea mbele yangu. Ya tatu ilikuwa Lubumbashi. Tulikwenda kwa basi, na mama mmoja mpole akatupa fomu ya kurasa nne na kutuomba picha za boti, ndani na nje.

Fomu niliijaza mimi. Kifaransa cha ofisi kilikuwa changu, injini zilikuwa zako. Ndivyo tulivyogawana tangu tulipooana. Tulipofika kwenye swali kama boti iliwahi kuzama, ukaniambia niliruke. Nikasema siandiki uongo, na kunyamaza nako ni uongo. Ukasema, "Basi andika, Mwalimu. Weye njo unajua mambo ya makaratasi."

Uliniheshimu kwa hilo, na watoto wanalisimulia hata leo. Lakini sikuandika ukweli kwa kuupenda. Niliuandika ili wakukatae.

Kwa miaka mingi nilijiambia niliogopa utazama. Hapana, uliogelea kuliko samaki. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini nilikuwa mke wa zamu. Uliingia nikitoka, ulilala nikifundisha, Krismasi ulikuwa chini ya ardhi. Kisha kampuni ikakurudisha kwangu, na kwa mara ya kwanza tukawa tunakula pamoja mchana. Sikuwa tayari kukutoa tena, sasa kwa maji.

Jibu lilikuja kwa mkono wa dereva wa basi. Ulikuwa unanawa mafuta ya injini. Ukasema, "Soma." Mstari wa kwanza ulisema kwamba kwa kawaida hawatoi bima ya boti yenye umri ule. Nikausoma kwa sauti. Nikakunja karatasi, nikasema, "Wamekataa. Ni umri wake." Ukaendelea kunawa, muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Nilichokificha ni hiki. Mstari wa pili ulianza na "hata hivyo". Walisema kwamba kwa kuwa mwenye boti mwenyewe alikiri kuwa ilizama, jambo ambalo wengi hulificha, walimwona mtu wa kuaminiwa. Walisema picha zinaonyesha kazi ya fundi hodari. Wangemtuma mkaguzi aitazame ikiwa nchi kavu, na akiridhika wangekupa bima kwa masharti: mbao tatu za chini ya injini zibadilishwe, kuwe na kizima-moto na makoti ya kujiokolea, isafiri mchana tu, isitoke ziwani kuingia mtoni. Mbao tatu, Baba Ngalula. Kwako ilikuwa kazi ya wiki moja.

Nilipata nilichotaka. Ulikaa nyumbani miaka tisa. Injini uliwauzia wachimbaji wa Kasulo, wakaitumia kuvuta maji kwenye mashimo yao, na mbao zikaisha moja moja jikoni. Siku bomba la ua lilipopasuka ulisema bila hasira, "Muite fundi." Wewe, kusema muite fundi! Nilimwita, nikamlipa, na wewe ukaingia ndani ili usimtazame akifanya kazi. Uliamini mikono yako imekwisha, kwa kuwa mimi nilikwambia hivyo kwa Kifaransa cha watu wengine. Kila mchana tulikula pamoja, na kila mchana nilimkosa mwanamume yule wa kwenye ubao.

Jana nilimwonyesha Ngalula barua yenyewe ya bima. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Aliniuliza kama ulijua. Nikasema hapana. Akatoka, nikamsikia akifua nguo ambazo zilikuwa safi. Aliporudi alikaa mbali kidogo, akasema, "Mama, angalau batoto bajue tata alikuwa fundi." Nimemwachia barua. Ni yake sasa, amsomee yeyote anayetaka, na asiishie mstari wa kwanza.

Wewe sikuombi msamaha hapa. Marehemu hawezi kukataa, na nisingependa kuuchukua kwako kwa njia hiyo, baada ya yote niliyokwisha kuchukua. Nitakuja kuuomba mwenyewe, karibuni, mahali ambapo utaweza kuninyima.

Mkeo,
Mama Ngalula